Ufundi wa Magari na Amana ya Fundi

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba chuma akakitia nguvu, akaumba mikono ya waja wake akaitia werevu wa kukitengeneza. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na msamaha, na tunashuhudia ya kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na ya kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Ewe Mola, mteremshie rehema na amani, yeye na aali zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, msikitini na sokoni, na kwa kuwa ndiyo maneno yetu ya leo, hata chini ya gari, mahali ambapo hapana amwonaye fundi ila Mola wake.

Ndugu zetu Waislamu, tutazame jinsi tulivyofika hapa. Yuko aliyekuja kwa miguu, na malipo ya hatua zake yako kwa Mwenyezi Mungu. Lakini wengi wetu, na wengi katika wanaotusikiliza redioni, wameletwa na daladala, au matatu, au basi, au gari la jirani. Dereva alikanyaga breki, chombo kikasimama, tukateremka salama, wala hapana katika sisi aliyeuliza ni nani aliyezitengeneza breki zile. Tumempa roho zetu mtu tusiyemjua jina. Hiyo ndiyo amana tunayotaka kuizungumza.

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe, kwani mtu hawezi kuheshimu asichokijua. Dereva akanyagapo breki katika gari dogo, nguvu ya mguu wake husukuma mafuta maalumu yaliyofungiwa ndani ya mabomba membamba, na mafuta hayo husukuma pedi zikaibana sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, pole pole, mwaka baada ya mwaka. Yale yanayoandikwa DOT 3, yakiwa mapya, hutakiwa yasichemke kabla ya kufika nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hata nyuzi 140. Basi gari lenye mafuta ya zamani literemke mlima mrefu kama Kitonga huko Iringa, na dereva ategemee breki tupu bila ya kutumia gia ndogo: breki zitashika moto, mafuta yatachemka, mvuke utaingia katika mabomba, na mguu wa dereva utazama hadi sakafuni ilhali gari laenda.

Sasa fundi aliyeambiwa ayabadilishe mafuta yale, naye akafungua kifuniko, akaongeza kidogo mapya juu ya ya zamani, akafuta mikono yake na kupokea ujira kamili, huyo amefanya nini? Mwenye gari hana habari. Abiria hawana habari. Hata dereva hatajua mpaka siku ya mteremko. Hapo hapana askari wala mkaguzi atakayemzuia mtu huyo. Hakuna kizuizi ila imani iliyo moyoni mwake na elimu aliyofunzwa. Vyote viwili vyahitajiwa, kwani mwaminifu asiyejua kazi ataua watu kwa nia njema, na mjuzi asiye mwaminifu atawaua akijua.

Enyi Waislamu, wako wazazi kati yetu ambao kijana wao akishindwa shule husema: basi apelekwe gereji. Husema hivyo kwa sauti ya mtu anayetupa kitu jaani. Hatujui dharau hii imetoka wapi, lakini haikutoka katika dini. Katika Sura ya Saba tumepewa habari za Nabii Daudi, amani iwe juu yake, aliyekuwa Mtume na mfalme: kwamba alilainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze deraya na azipime barabara pete zake. Wafasiri wameeleza nini makusudio ya kupima huko. Wamesema, msumari usiwe mwembamba ukalegea tunduni, wala usiwe mnene ukaipasua pete. Fundi yeyote aliyewahi kufunga nati za gurudumu anaifahamu tafsiri hii kuliko wengi tunaoisoma vitabuni: nati ikilegea gurudumu litachomoka njiani, na ikikazwa kupita kiasi bolti itavutika na mwishowe itakatika. Na deraya ni nini ila kitu cha kuuhifadhi mwili wa mwanadamu usipatwe na madhara? Breki nazo ni hivyo hivyo.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimsifu Daudi kwa kula kazi ya mkono wake, na akatueleza kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipozieleza katika Ihyaa elimu zilizo faradhi ya kutosheleza, yaani zile ambazo baadhi ya watu wakizisimamia wengine wameokoka na dhambi, na wote wakiziacha wote wana dhambi, alizitia humo kazi za mikono: ukulima, ufumaji, ushonaji, hata kupiga chuku, kwani mji ukikosa mpiga chuku watu wake wamo katika hatari ya kuangamia. Akalalamika pia kwamba watu wa zama zake walijazana katika elimu ya fiqihi, na hali miji ilikuwa haina tabibu Mwislamu. Sisi ni walimu wa fiqihi, na maneno hayo yanatuchoma. Lakini haki haibadiliki kwa kuwa yatuchoma. Katika zama zetu hizi ambapo maisha ya mji mzima yabebwa na magurudumu, hatuoni vipi fundi wa breki awe chini ya mpiga chuku.

Kadhalika mwaka 1206 Ibn al-Razzaz al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha mitambo, na ndani yake mna pampu ya maji ambayo mzunguko wa gurudumu hugeuzwa ukawa mwendo wa kwenda na kurudi. Kijana akiifungua injini leo ataikuta kranki ikifanya kazi hiyo kwa kinyume chake: pistoni zapanda na kushuka, nayo yaugeuza mwendo wao kuwa mzunguko. Hatuyataji haya ili tujigambe, maana tumechoka na watu wanaojifaharisha kwa kazi za waliokufa. Hapana awezaye kuwasha gari kwa sifa za babu yake.

Ulio karibu nasi zaidi ni mfano wa Mombasa. Chuo cha elimu ya Waislamu, kilichojulikana kwa kifupi MIOME, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1951. Miongoni mwa waliokitolea mali ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa ya Mabohora, na serikali ya Uingereza nayo ikachangia. Makusudio yake yalikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1966 jina lake likabadilishwa kikawa chuo cha ufundi cha Mombasa, mwaka 1972 kikawa Politekniki, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi. Yaani wazee wale, wenye khitilafu zao za madhehebu ambazo hatuna haja ya kuzihadithia juu ya mimbari, walikubaliana kwamba umma usiokuwa na mafundi ni umma wa kuombaomba. Nasi watoto wao tumekirithi chuo, lakini fikra iliyokianzisha tumeiacha ituponyoke.

Baba mmoja alipata kutujia akilalamika. Mwanawe amemaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani miaka miwili akingojea kazi ya afisini, na ami yake mwenye gereji ameomba amchukue. Akatuambia: "Sheikh, nimemsomesha miaka yote hiyo, leo nimpeleke akalale chini ya magari?" Tukamwuliza: gari lako likiharibika wampelekea nani? Akamtaja fundi wake, akamsifu sana, akasema humpigia simu kabla ya kumpigia ndugu yake. Tukamwambia: basi mzee wetu, fundi humdharau mbele ya gari lako, wamdharau mbele ya mwanao tu. Alicheka. Kijana alipelekwa, na tunamwombea.

Lakini kumpeleka tu hakutoshi, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Sisi tuliokulia madrasani twajua elimu inavyochukuliwa. Mtoto huanza kwa alifu, mwalimu akamsikiliza herufi kwa herufi. Haruki kwenda Juzuu Tabaraka na hali Amma hajaishika. Akikua akasoma vitabu, havisomi peke yake chumbani kisha akatoka kuwafundisha watu, bali huketi mbele ya sheikh, akasoma naye akarekebishwa, mpaka sheikh aridhike ampe ijaza. Hapo ndipo akaruhusika kuketi na kufundisha. Ufundi wa magari wataka mwendo huo huo. Gereji ni darasa, fundi mkuu ni mwalimu, na kijana asiyekuwa na ijaza hapaswi kugusa breki za gari la watu pasipo jicho la mwalimu wake.

Mpangilio wake wajulikana kwa wenye kazi. Kijana huanza kwa kusafisha vipuri na kuzijua spana kwa namba zake, kisha kubadilisha mafuta ya injini na chujio, kisha matairi, kisha breki na usukani akiangaliwa, ndipo klachi na gia, na mwisho injini yenyewe. Pembeni mwa hayo hana budi kusoma umeme. Tena lazima asome kwa macho, si kwa mkono peke yake, kwa kuwa kila gari lina kitabu cha mtengenezaji, na humo mmeandikwa vipimo. Bolti za kifuniko cha silinda hazikazwi ovyo. Hukazwa kwa zamu, aghalabu kuanzia katikati kwenda pembeni, awamu baada ya awamu, kwa spana yenye kupima nguvu. Fundi anayesema "mkono wangu wajua" mara nyingi husema kweli kwa gari alilolizoea, na hukosea kwa gari geni. Basi mkono nao na ufunzwe kusoma. Ndiyo maana twawaambia wanafunzi wetu wa madrasa na wa shule: msidhani hesabu na Kiingereza mnachokisoma ni cha watu wa afisi. Vitabu vingi vya magari huandikwa kwa lugha hiyo, na asiyeweza kuvisoma atabaki maisha yake yote akishika taa wakati mwenzake afanya kazi.

Na kazi yenyewe imebadilika. Magari mengi yaingiayo bandarini kwetu yakiwa yametumika Japani hayana kabureta tena. Mafuta hupuliziwa ndani ya injini kwa amri ya kompyuta, na fundi huchomeka kifaa cha kusomea hitilafu kabla ya kushika spana. Magari mseto, yenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja, hubeba umeme wa volti 200 na zaidi, na nyaya zake hupakwa rangi ya machungwa ili ziwe onyo. Kijana asiyefunzwa akizigusa kama anavyogusa betri ya volti 12, huenda huo ukawa mguso wake wa mwisho. Magari ya umeme matupu nayo yaja. Wako wanaowatisha vijana kwamba ufundi utakwisha. Twaona wamepitiliza, kwa sababu gari hilo nalo lina breki, lina usukani, lina matairi na mifupa ya chuma. Kitakachokwisha ni ufundi wa kubahatisha.

Kwa mafundi wakuu tuna neno, na tunalisema kwa mapenzi. Tumesikia kwa vijana wengi, wa miji mbalimbali, habari ya namna moja: kila inapofika kazi yenye siri, fundi humtuma mwanafunzi akanunue chai, au akatafute kipuri duka la mbali, ili akirudi akute imekwisha. Kijana hutumika miaka minne, akaondoka akijua kuosha na kubeba. Enyi mafundi, mmemchukua mtoto wa mtu kwa ahadi ya kumfundisha, na huenda mmepokea ada, na kwa hakika mmepokea jasho lake. Hiyo ni ahadi, nanyi mtaulizwa juu yake. Riziki haipunguzwi na mwanafunzi aliyefuzu. Nani kati ya walimu wa Kurani amewahi kufa njaa kwa kuwa wanafunzi wake walihitimu? Afadhali muandikiane tangu mwanzo, mbele ya mzazi na mashahidi: atajifunza nini, kwa muda gani, atapewa nini cha kula na nauli.

Ijaza ya kazi hii, kwa lugha ya serikali, ni cheti. Tanzania Bara iko Mamlaka ya VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Zanzibar iko Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kenya wako NITA na mitihani yao ya ufundi, ambayo mtu huanzia daraja la tatu akapanda hadi la kwanza. Kijana aliyejifunza chini ya mwembe katika gereji ya mtaani asidhani mlango umefungwa. Kwa VETA iko njia ya kupimwa ujuzi uliopatikana kazini na kutambuliwa kwa cheti, bila ya kurudishwa kuanza alifu. Aende akaulize. Tumewaona mafundi hodari wakikosa kazi katika makampuni ya mabasi, bandarini na kwenye karakana za serikali, si kwa kukosa ujuzi bali kwa kukosa karatasi, na tumewaona wenye karatasi wasioweza kubadilisha pedi. Yatakiwa yote mawili yakutane kwa mtu mmoja.

Tumeulizwa pia habari ya mabinti. Jawabu ni fupi: binti akivaa vazi la heshima, na mahali pa kazi pakiwa salama kwake, hatujui dalili ya kumzuia kujifunza umeme wa magari, au ukaguzi, au uuzaji wa vipuri kwa ujuzi. Wanawake wengi wanaoendesha magari wangefurahi kumkuta.

Turudi katika dhamana, maana hapa watu hugombana hata kufika mahakamani. Ililetwa kwetu kesi. Fundi aliachiwa gari na mwenyewe. Akampa ufunguo mwanafunzi wa miaka kumi na mitano alisogeze kivulini. Kijana akaligonga ukutani. Fundi akasema hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Mwenye gari akasema kadari naijua, ila nani atalipa taa na boneti? Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili tangu zamani, katika mlango wa ijara. Imepokewa kwa Sayyidna Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba aliwatoza mafundi vitu vya watu vilivyoharibika mikononi mwao, ili watu wasipoteze mali zao. Ama rai iliyotiliwa nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba kitu kilicho mkononi mwa fundi ni amana, halipi ila kwa kuvuka mpaka au kuzembea. Rabii bin Sulaiman, mwanafunzi wa Imamu Shafi, ameeleza kwamba Imamu alikuwa na rai hiyo lakini hakuitangaza, kwa kuwachelea mafundi wabaya. Nasi leo twaitangaza redioni! Vitabu vimeshaenea, hapana la kuficha; lakini fundi asiichukue nusu ya rai na kuacha nusu. Kumpa ufunguo mtoto asiyejua kuendesha ni uzembe ulio wazi, na anayelipa ni fundi. Kulichukua gari la mteja kwenda kumchukulia mke harusini ni kuvuka mpaka, na likiharibika njiani, ijapokuwa kwa kosa la mwingine, dhamana imemkaa shingoni. Kadari haimwondolei mtu deni.

Na yule anayejitia fundi ilhali si fundi, iko hadithi aliyoipokea Abu Daud inayomtoza dhamana mtu ajitiaye utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo. Twaona gari lenye abiria kumi na wanne halina tofauti kubwa na mgonjwa.

Ujira nao utajwe kabla ya kazi. Desturi ya kwetu ya kusema "wewe tengeneza tu, tutaelewana" ndiyo mama wa ugomvi. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi mna suala la mtu aliyempa dobi nguo aifue, ujira usitajwe. Rai iliyotangulizwa humo ni kwamba dobi hana anachostahiki, na iko rai ya pili kwamba atapata, na ya tatu kwamba atapata iwapo ajulikana kwa kufanya kazi hiyo kwa malipo, na hii ya tatu imeonekana nzuri. Ikiwa wanavyuoni wakubwa wamekhitilafiana juu ya nguo moja, nyinyi mtaelewana vipi juu ya injini iliyoshushwa? Semeni bei. Na fundi akigundua ubaya mwingine baada ya kufungua, asiendelee mpaka amjulishe mwenye mali.

Kipuri kilichotolewa ni mali ya mwenye gari hata kikiwa chakavu. Arudishiwe, akitaka akitupe mwenyewe. Anayechomoa kipuri kizima na kutia kibovu ni mwizi, hata akiwa amevaa kofia ya viua. Anayerudisha nyuma mita ya kilomita ili gari lionekane jipya, au anayejaza mafuta mazito katika injini iliyochoka ili isitoe moshi siku ya kuuzwa, kisa chake kimeshahukumiwa zamani katika soko la Madina, pale Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika chungu ya chakula akakuta ubichi umefichwa chini, akamtoa mwenye kughushi katika kundi letu.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote. Nanyi mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, aali zake na masahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yamebaki mambo machache ya vijana walioko kazini, ambayo huulizwa mara kwa mara.

La kwanza ni roho zao. Haifai kabisa kijana kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, au kwa jeki na jiwe. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Likishainuka huwekewa stendi za chuma pahali pagumu, na magurudumu yaliyobaki chini hutiwa vizuizi. Fundi anayemharakisha mwanafunzi aingie kabla ya hayo kwa kuwa mteja angoja, mtoto akifa, asitafute fatwa ya kumpunguzia. Pedi na viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani yatokeayo baada ya miaka mingi. Kwa hiyo vumbi la breki lisipulizwe kwa pumzi wala kwa kompresa, bali lipanguswe kwa kitambaa kilichoroweshwa maji. Petroli isifyonzwe kwa mdomo, na isiwe sabuni ya kuogea mikono. Mafuta machafu ya injini yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima: jirani yako hakukupa ruhusa ya kumnywesha.

La pili ni udhu. Mafuta ya petroli na ya injini si najisi, ni uchafu tu, kwa hiyo nguo ya kazi yenye madoa yake hufaa kwa Swala, ingawa ni adabu kuwa na kanzu safi ndani ya mfuko kwa ajili ya wenzako safuni. Lakini grisi nene iliyoganda juu ya ngozi au chini ya kucha huzuia maji yasifike, na udhu hautimii mpaka iondolewe. Ikibaki rangi tu isiyokuwa na mwili, baada ya kusuguliwa kwa sabuni, hiyo imesamehewa. Basi gereji na iweke ndoo, sabuni na brashi ya kucha mahali palipo wazi.

La tatu ni siku hii yenyewe. Tunajua kwamba Ijumaa mchana wenye magari huwa na haraka ya safari za mwisho wa wiki. Adhana ikishaadhiniwa, spana iwekwe chini, na mteja aliye Mwislamu aende na fundi wake. Asimsimamie kichwani akimtaka amalize. Wenye gereji wapangeni vijana wenu mapema, na wale wasiokuwa Waislamu katika wafanyakazi wenu wataangalia magari, nao mtawalipa hisani hiyo siku ya sikukuu yao.

Ewe Mola wetu, warehemu waliofariki barabarani, na wafunike kwa subira waliofiwa. Wahifadhi wanaolala chini ya magari ili sisi tufike salama. Wafungulie riziki ya halali mafundi waaminifu, na uwape wanafunzi watakaowashinda kwa ujuzi. Walainishie mioyo wazazi ambao wana wao wana vipaji katika mikono yao, na uwape mayatima wetu walimu watakaowafunza kazi bila ya kuwaficha. Wasimamishe imara wenye mamlaka katika kukagua vyombo vya abiria. Tusamehe sisi na wazee wetu na walimu wetu. Amin.

Simameni kwa Swala, nyosheni safu zenu.